Hakuna Mwanachama Aliyeumia

Walipotangaza kwamba makaratasi ya Kikundi cha Maigizo Ukungu yatawekwa kwenye nyumba ya kumbukumbu pale Lushoto mjini, nilifurahi mimi, mjinga wa watu. Nilikuwa gulioni Soni, mikono imejaa udongo wa karoti, nikamwambia jirani yangu Mosi anayeuza kabichi: haya, sasa Zainabu atatajwa.

Mosi akaniuliza Zainabu gani. Nikamwambia Bi Makeke. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Kumbe Bi Makeke alikuwa na jina!"

Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka. Sikushtuka. Niliendelea kufunga karoti zangu mafungu mafungu huku naimba.

Niwaeleze kwanza, maana wengine mlikuwa bado mnanyonya. Ukungu hatukuwa na ukumbi. Ukumbi wetu ulikuwa popote penye watu: Mlalo, Bumbuli, Mtae, Vuga, Soni, hata Mombo kule chini kwenye joto lao. Tukifika ngoma inalia, watu wanaacha matenga yao, sisi tunatandika turubai chini na kutundika khanga mbili zilizoshonwa pamoja kuwa pazia. Mwenyekiti wetu alikuwa Kibwana, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye mwandiko wa kupendeza na mapenzi ya ajabu kwa mafaili. Mchezo wenyewe alikuwa haujui. Lakini karatasi! Kibali cha mtendaji wa kijiji kipo, muhtasari wa kikao upo, daftari la mahudhurio lipo, na kila mwanachama ana faili lake lenye kibali cha mzazi ndani. "Serikali ikija itukute safi," alikuwa anasema, na kweli ilikuwa inatukuta safi.

Tatizo lilikuwa sisi wasichana. Niambie ni baba gani wa Vuga, wakati ule, angemwachia binti yake akaruke mbele ya wachuuzi? Thubutu! Na mchezo usio na mwanamke haunogi. Walijaribu kumvisha Rashidi gauni, watu wa Bumbuli wakamtupia maganda ya viazi. Ndipo Kibwana akaleta kanuni yake: jina la nyumbani libaki nyumbani. Wanaume wakaandikwa kwa majina yao na ya baba zao. Sisi wasichana tukaandikwa kwa majina ya mchezo. Mimi Mwanahamisi nikawa Bi Tabu. Zainabu akawa Bi Makeke. Faili hatukuwa nalo, kwa sababu kibali cha mzazi kingetoka wapi? Nyumbani tuliaga kwamba tunakwenda kwa fundi kujifunza cherehani. Tulijiona wajanja kweli kweli.

Na ujanja wenyewe ulifanya kazi, hilo lazima niseme. Siku moja tuko Vuga, mzee Shabani, babake Zainabu, akaingia na bakora. Kuna mtu alishampenyezea habari. Kibwana wala hakutetereka. Alimpa shikamoo, akamkalisha, akamfungulia daftari la mahudhurio. "Soma mwenyewe, mzee wangu. Kama binti yako yumo, nichape mimi kwanza." Mzee akapitisha kidole jina kwa jina. Hayumo. Akaomba radhi mbele za watu, masikini, akaweka bakora chini, akakaa kutazama mchezo. Zainabu akatoka nyuma ya pazia amejipaka majivu usoni, kavaa miwani isiyo na vioo, kaweka mto tumboni. Baba yake alicheka mpaka kofia ikamwanguka.

Bi Makeke ndiye aliyekuwa mchezo wenyewe. Ni mama anayeshusha tenga lake la nyanya sokoni, anakwenda kulipa ushuru, akirudi tenga tupu. Anamwuliza mwenyekiti wa soko, hajui. Anamwuliza mgambo, hajui. Anamwuliza mwanawe wa kumzaa, hajui, na mdomo umelowa juisi ya nyanya. Basi anawageukia watu, mikono kiunoni, anapiga ukelele: "Nani kala nyanya zangu?" Na soko zima linajibu: "Waliokula wanajuana!" Maneno hayo Zainabu aliyatoa kichwani mwake mwenyewe, siku moja pale Soni, wala hayakuandikwa na mtu. Baada ya mwezi kila kijiji kilikuwa kinayajua. Watu walikuwa wanayasema hata kwenye mikutano ya hadhara, mtendaji akisoma mapato na matumizi.

Halafu akafa.

Tulikuwa tunateremka na lori lililobeba kabichi, mvua inanyesha, barabara inateleza. Kwenye kona moja kabla ya kufika Soni lori likalala. Mimi nilivunjika mkono. Zainabu alikuwa chini ya magunia. Tulipomtoa alikuwa bado kavaa ile miwani isiyo na vioo, maana alikuwa akituchekesha njia nzima. Mpaka leo sipendi kulizungumza hilo, na leo nalizungumza kwa sababu nina hasira.

Kibwana aliandika taarifa ya ajali kwa mtendaji. Niliisoma mezani kwake, mkono wangu ukiwa kwenye plasta. Mwandiko mzuri kama kawaida: Lori lilipinduka. Hakuna mwanachama aliyeumia. Nikamwuliza, mwalimu, na mimi je? Na Zainabu? Akanionyesha daftari. "Mwanachama ni aliyesajiliwa kwa jina lake, Mwanahamisi. Unataka mzee Shabani ajue?" Kwa wazazi alisema Zainabu alisimamisha lori njiani akaomba lifti, na yeye kwa huruma yake akampa. Mzee Shabani alimshukuru. Alimshika mkono kwa mikono miwili, akamshukuru kwa kumletea maiti ya mwanawe mpaka nyumbani!

Kikundi hakikumaliza mwaka ule. Bi Makeke mwingine hakupatikana. Kibwana alifunga mafaili kwenye masanduku ya bati, akayatunza kama mayai.

Sasa twende Lushoto. Nilipanda siku iliyofuata gulio, nimevaa khanga mpya. Nyumba ya kumbukumbu ni mradi wa watu fulani, chumba kimoja kizuri kimepakwa rangi nyeupe. Nikamkuta mama mmoja wa Muheza, Bi Efrazia, karani mstaafu, miwani shingoni kwa kamba, mwenye ule utulivu wa watu waliogonga mihuri maisha yao yote. Ukutani ubao ulikuwa umeshaandikwa. Upande mmoja: Waigizaji. Kibwana, Rashidi, Amiri, Nassir, wanaume watupu. Upande wa pili: Wahusika wa Kubuni. Bi Makeke. Bi Tabu. Na wenzetu wengine.

"Dada," nikamwambia, "mimi ndiye Bi Tabu."

Akanitazama. "Ulikuwa unamwigiza?"

"Nilikuwa ndiye, alikuwa mimi mwenyewe, jina langu ni Mwanahamisi Mussa. Unaniona hapa nimesimama? Kuna mhusika wa kubuni anayetoka jasho hivi?"

Alicheka kidogo, kisha akaacha. Alisema yeye anaandika kilichoandikwa. Masanduku yote ameyasoma, karatasi kwa karatasi, na jina langu hakulikuta. Kila mwigizaji ana faili na kibali cha mzazi, wale wa kike hawana, basi amewaweka kuwa ni majina ya kwenye mchezo. Angejuaje? Na kwa kweli hakukosea yeye. Lakini kwa hesabu ya karatasi zile, pale Ukungu hapakuwahi kuwa na mwanamke hata mmoja.

"Mimi niache," nikamwambia. "Mimi mdomo ninao, nitajisemea mwenyewe mpaka nife. Ninayemtaka aandikwe ni Zainabu binti Shabani. Huyo hawezi kuja kukugombeza."

Akavua miwani. Alisema kuna njia mbili. Mwenyekiti wa zamani aandike masahihisho na kuweka saini. Au faili lifunguliwe kama yalivyofunguliwa mengine, na kibali cha mzazi ndani. Sherehe ya ufunguzi ni wiki ijayo, na Mwenyekiti ndiye atakayesoma majina ya waigizaji mbele ya wageni.

Nikaenda kwa Kibwana. Siku hizi ni Alhaji Kibwana, mjumbe wa kamati ya msikiti, mwenye kikao chake barazani na birika la chai ya tangawizi pembeni. Njia ya mwongo fupi, wanasema. Ya huyu ilifika mpaka Makka ikarudi. Shikamoo nilimpa, kwa sababu mama yangu alinilea, si kwa sababu nyingine.

Alinisikiliza vizuri. Kisha akashusha pumzi yake ndefu ya kichamungu.

"Mwanahamisi, marehemu anastiriwa. Unataka kumfukua mtoto wa watu aonekane alikuwa akikata viuno sokoni bila ruhusa ya baba yake?"

"Hakukata viuno, Alhaji. Alikuwa na mto tumboni na watu walikufa kwa kucheka. Na wewe ulikuwa unakusanya sifa."

"Na mimi nitaonekana nani? Niliyekuwa nawaiba mabinti wa watu?"

"Hukutuiba. Tulikuja kwa miguu yetu. Ila alipokufa ulimkana."

Akaweka kikombe chini, nikadhani nimempata. Kumbe wapi. Akaniambia, kwa upole ule unaoudhi kuliko tusi, kwamba karatasi zimeshakaa vizuri, watu wazima hawachokonoi karatasi zilizokaa vizuri. Akanikaribisha chai. Sikuinywa, na chai ya tangawizi naipenda.

Ikabaki njia ya pili, nayo ndiyo niliyokuwa naiogopa. Mzee Shabani alishatangulia mbele ya haki akiamini habari ya lifti. Alibaki Bi Salama, mamake Zainabu, kule Vuga, ajuza wa kujikokota lakini macho makali. Ningeanzaje? Ningemwambiaje mtu aliyemzika mwanawe kwamba hata safari aliyofia hakuambiwa ukweli wake? Njia nzima nilikuwa najipangia maneno, na nilipofika uani kwake yote yakanitoka.

Alikuwa anachambua maharage. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, tukaulizana habari za mvua, za wajukuu, za bei ya nyanya. Ndipo nikasema, mama, nina jambo kuhusu Zainabu na kikundi cha Ukungu. Hakuinua kichwa.

"Unataka kuniambia alikuwa Bi Makeke," akasema.

Loo! Nilikaa chini pale pale kwenye maganda.

Alijua. Alijua miaka yote. Siku moja aliteremka Soni kuuza peasi, akakuta mduara wa watu, akapenya akaangalia. "Mtoto umemzaa mwenyewe, atajipaka majivu usimjue? Nilimjua kwa anavyosimama. Kiuno kile ni changu." Alisema alicheka pamoja na watu, na walipojibu waliokula wanajuana, na yeye alijibu, kwa sauti kabisa. Pembeni yake mama mmoja akauliza, huyu mtoto wa nani jamani, Mungu amembariki mamaye. "Nikanyamaza," akasema Bi Salama. "Ningesema wangu, habari ingefika kwa baba yake kabla ya peasi kwisha. Nikajifunika khanga, nikaondoka. Hilo ndilo linaloniuma, Mwanahamisi. Kufa kila mtu atakufa. Lakini niliulizwa mtoto wa nani, nikanyamaza."

Tulilia sote wawili, na maharage yakatiwa chumvi kabla ya kupikwa.

Nilimpeleka Lushoto mwenyewe. Bi Efrazia alimpa kiti chenye mto, akatoa karatasi ya kibali, ile ile ya Ukungu, nakala za zamani ambazo Kibwana alizichapisha kwa wingi mpaka hazikuisha. Akamsomea polepole. Mimi mzazi wa fulani namruhusu mwanangu kushiriki maigizo na kusafiri pamoja na kikundi, na nitaarifiwa kwa lolote litakalompata.

Bi Salama akaomba asomewe tena pale mwisho. Akasomewa. Nitaarifiwa kwa lolote litakalompata.

"Angeniomba wakati ule ningemkatalia," akasema. "Nisijisifu bure. Ningemkatalia na ningemfungia ndani. Ndiyo maana hakuniomba." Halafu akanyoosha kidole gumba chake kwenye wino.

Bi Efrazia alifungua faili jipya, akaandika juu yake Zainabu Shabani, akaliweka pamoja na ya wanaume. Alisema ubao utaandikwa upya baadaye, lakini kwenye orodha ya kusomwa amemtia tayari, jina la mwisho. Nilimbusu karani yule mashavu yote mawili. Sijui kama Muheza wanabusiana, lakini siku hiyo alibusiwa.

Siku ya sherehe ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye viti. Walifunga turubai uwanjani, vipaza sauti, wageni wa makoti mstari wa mbele, na nyuma watu wa kawaida, wamama wa Soni na matenga yao matupu, maana nilikuwa nimewatangazia gulio zima. Bi Salama nilimkalisha kando yangu. Alivaa buibui lililotoa harufu ya karafuu, khanga begani, akakaa wima, mikono magotini. Mara mbili aliniuliza, watasema binti Shabani au watasema Zainabu tu? Nikamwambia watasema vyote.

Alhaji Kibwana akasimama. Kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Alieleza jinsi alivyokianzisha kikundi, jinsi alivyokilea, jinsi alivyotunza karatasi. Kisha akainua orodha akaanza kusoma, jina na jina la baba, na kila jina watu wakapiga makofi. Rashidi akasimama akainama. Amiri akasimama. Bi Salama alikuwa ameshikilia mkono wangu na vidole vyake vilikuwa baridi.

Alipofika mwisho wa karatasi nilimwona. Mimi nimeigiza naye miaka, namjua akiwa anasoma na namjua akiwa ameacha kusoma. Macho yake yalitua pale chini, yakakaa. Kisha akaikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa kanzu.

"Na hao ndio waigizaji wetu," akasema. "Waliotangulia mbele ya haki, Mungu awarehemu."

Bi Salama alinigeukia. "Bado mmoja," akaninong'oneza, kama mtu anayesahihisha kosa dogo. Nilitaka kusimama nitukane, wallahi, tusi nilikuwa nalo mdomoni limeiva. Lakini aliyesimama ni yeye. Ajuza ambaye hajawahi kufungua kinywa hata kwenye mkutano wa kitongoji. Akaweka mikono kiunoni, na ni kweli, kiuno kile ni chake.

"Nani kala nyanya zangu?"

Sauti ilikuwa nyembamba. Kisha huko nyuma Mosi, yule yule aliyenicheka, akajibu, na wamama wa Soni wakajibu, na wanaume, na hata mgeni mmoja wa koti mstari wa mbele:

"Waliokula wanajuana!"

Watu walicheka, walishangilia, walifuta machozi. Nikasema moyoni, sasa umekamatika, Kibwana, tuone utakimbilia wapi. Mtume! Sikumjua bado. Alikuwa ameinua mikono yote miwili, anatabasamu, anapokea.

"Mnaona!" akasema kwenye kipaza sauti. "Mnaona ndugu zangu! Kazi yangu bado inakumbukwa mpaka na bibi zetu!"

Na wakampigia makofi. Makofi yale yale, hata hayakukatika, yalihama tu kutoka kwa Bi Salama yakaenda kwake. Mpiga picha akampiga picha.

Bi Salama aliketi. Akangoja kelele zipungue. "Wamemtaja?" akaniuliza. Nilimwambia hawakumtaja, mama. Akatikisa kichwa polepole, akachukua fimbo yake, akaenda moja kwa moja kwenye chumba cheupe, mimi nyuma yake. Bi Efrazia alikuwa mlangoni, uso umemwiva kwa aibu isiyo yake. Alianza kusema ubao utaandikwa, faili lipo, faili halifutiki.

"Mwanangu," Bi Salama akamkatiza, "ile karatasi yangu. Mzazi akitoa ruhusa, anaweza kuiondoa?"

Bi Efrazia alinitazama mimi, akatazama chini. "Anaweza, mama."

"Basi nipe."

Nilimshika mkono. Nikamsihi, mama usifanye hivyo, ukiitoa hatabaki popote, ndivyo wanavyotaka. Akanitoa mkono, bila ukali. Alisema hakumlea mwanawe akae pale asipotakiwa. Bi Efrazia alifungua faili, akaitoa karatasi yenye dole gumba, akampa kwa mikono miwili. Bi Salama akaikunja ikawa ndogo, akaifunga kwenye pindo la khanga yake, pale wanapofunga pesa ya chumvi.

Nje walikuwa wanagawa pilau. Kibwana alituona tunashika njia, akatukimbilia na tabasamu lake bado halijapoa.

"Shikamoo mama yangu! Mbona mapema? Chakula kipo, kaeni tule."

Bi Salama hakuitikia shikamoo ile. Mtu wa Vuga, wa umri ule, kutoitikia shikamoo! Alimtazama yule mwalimu wa zamani, akapiga piga lile fundo la khanga kwa kiganja, kama mtu anayembembeleza mtoto mgongoni.

"Uliniambia ulimpa lifti tu," akasema. "Ahsante, baba. Hapa anashuka."